Mama Mkwe Aliyeungama Dhambi Zetu

Nilipoolewa niliingia kuishi na mama mkwe katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, kwenye kambi ya wafanyakazi wa reli pale Kindu. Ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya upande wangu, yeye aliniombea afya kutoka upande wake. Bwana yangu alikuwa fundi wa karakana. King'ora kikilia asubuhi alitoka mbio, jioni akarudi akinuka grisi, akala, akalala, na kutuachia sisi wanawake wawili mambo yote ya dunia hii na ya mbinguni.

Mimi nilitoka ng'ambo ya mto, Alunguli. Kwetu ni Waislamu, na bibi yangu aliswali kwenye kona ya chumba chake bila mtu yeyote kuandika kama ameswali au hakuswali. Nilibatizwa ili niolewe. Sikuona ubaya, bwana nilimpenda. Kilichonishangaza nilipovuka kuja upande huu wa Kasuku, ilipo kambi, ni kwamba huku waliandika.

Mambo yalikwenda hivi. Kila Mkristo mzima alipaswa kuungama angalau mara moja kwa mwezi, na siku yenyewe ilikuwa Jumamosi alasiri. Ukimaliza kusema dhambi zako, padri alikupitishia kwenye kidirisha cha kibanda kipande cha karatasi ngumu, kidogo kama kiberiti, kilichopigwa muhuri wa mwezi huo. Sisi tulikiita tiketi. Jumapili yake, mlangoni pa kanisa, ulimkabidhi mwalimu tiketi hiyo, naye akatia alama mbele ya jina lako katika daftari. Mwalimu ni katekista, yule aliyetufundisha dini, lakini hakuna aliyemwita katekista. Alikuwa mtu msafi sana, kaptula imepigwa pasi mpaka inakata, viatu vyeupe kwa chokaa. Sauti yake haikupanda hata siku moja. Alilamba kidole tu, akafungua daftari, akatafuta ukurasa wako.

Asiye na tiketi, jina lake lilisomwa mbele ya watu. Asiye na tiketi miezi miwili, mtoto wake hakubatizwa. Zaidi ya hapo, kampuni ilikuwa inajenga nyumba za matofali upande wa juu wa kambi, zenye sakafu ya saruji na bomba la maji karibu, na ili upate moja ulihitaji barua ya padri kuonyesha kwamba una mwenendo mwema. Padri aliombwa barua, akamuuliza mwalimu. Mwalimu alifungua daftari. Kwa hiyo kama ulitaka kujua Mungu ana maoni gani juu ya bwana yangu, ulipaswa kuhesabu alama za mwalimu mbele ya jina lake na langu.

Mama mkwe wangu hakuwa na haja ya kuandikwa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, amepungukiwa na meno mawili ya mbele, na alibatizwa akiwa mzee kwa sababu marehemu bwana wake alikuwa na wake wawili na mapadri walimkalisha nje miaka mingi. Alipoingia hatimaye, aliingia kweli. Alizungumza na Mungu mchana kutwa, akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, akichambua mchele. "Unaona mchele huu?" nilimsikia akisema peke yake uani, kwa Kiswahili cha huku ambacho ndiye husemwa njo. "Nusu ni mawe. Wewe njo uliuumba, lakini yule muuzaji aliuongezea." Na kuungama alikupenda kama wengine wanavyopenda kuoga mtoni. Alirudi uso umelainika, anaimba.

Nilipopata mimba ya kwanza miguu ilinivimba, na sikuweza kuona mawese bila kutapika. Ilifika Jumamosi ya mwisho ya mwezi mmoja nami sijaungama. Mstari wa kanisani ulikuwa wa saa tatu nzima, unasimama juani. Nikamwambia mama mkwe kwamba sitaweza.

Akaniangalia miguu. "Ulifanya dhambi gani mwezi huu?"

"Kwa nini, Mama?"

"Niambie. Mimi ninaenda. Nitasema zangu, nitatoka, nitarudi mwisho wa mustari na kusema zako."

"Inaruhusiwa?"

"Sijauliza mutu. Nisipouliza, hakuna wa kunikataza."

Hapo nilipata taabu ambayo sikuitegemea. Dhambi zangu zote za mwezi ule zilimhusu yeye. Nilijaribu kuzunguka. Nikasema nilisema uongo kidogo. Akauliza uongo gani. Nikasema basi, nilikuwa na choyo. Akauliza choyo ya nini. Mwishowe nikasema nilificha kipande cha makayabu, ule samaki wa chumvi, ndani ya debe la mchele.

"Ulimuficha nani?"

Nikatazama miguu yangu iliyovimba. "Wewe, Mama."

Alinitazama, si kwa hasira, kama mtu anayepima kitambaa. "Sawa," akasema. "Hiyo ni dhambi ya kweli. Zile zingine zilikuwa maneno tu."

Akaenda. Akarudi jua likishuka, na tiketi mbili zimefungwa kwenye ncha ya kikwembe chake. "Padri amekusamehe," akasema. "Salamu Maria tano. Nimezisema njiani, zimekwisha. Sasa leta samaki."

Tulimla jioni ile ile, sote watatu, na bwana yangu akauliza leo ni sikukuu gani.

Ningependa kusema kwamba nilikosa usingizi kwa ajili ya jambo hilo. Sikukosa. Padri wa wakati ule alikuwa mzee mno, sikio moja limekufa, na ndani ya kile kibanda joto lilimlaza. Aliitikia kila dhambi kwa kikohozi kile kile. Mama mkwe alibadilisha kitambaa cha kichwa tu, akapinda mgongo zaidi kidogo, akawa mtu mwingine. Mwezi uliofuata miguu yangu ilikuwa bado imevimba, akaenda tena, na mara hii jirani yetu wa mlango wa pili, mwenye watoto sita na shamba la muhogo mbali kule nyuma ya reli, alituona tukigawana tiketi.

"Na mimi?" akauliza.

Hivyo ndivyo lilivyoanza. Jirani alimwambia dada yake. Dada alimwambia bwana wake, ambaye zamu yake ya Jumamosi haikuisha mpaka giza na ambaye jina lake lilikwisha kusomwa mara mbili. Baada ya miezi mitatu mama mkwe alikuwa anawaungamia watu tisa, wanaume wanne katikati yao. Hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo alichukua vikamba vyembamba anavyosukia mikeka, kila mtu na chake, na juu yake alipiga mafundo. Fundo dogo ni matusi. Fundo kubwa ni wizi. Fundo lililorudiwa mara mbili ni mambo ya ulevi, na lile la kitanzi sikuambiwa ni la nini, lakini nilidhani najua. Siku za Ijumaa watu walipita uani kwetu mmoja mmoja, wamebeba ndoo au jembe kama wanaopita tu, wakainama karibu naye anaposuka, wakanong'ona, wakaondoka. Jumamosi aliondoka na vikamba vyake mkononi kama rozari. Mimi, nilipopata nguvu kidogo, nilikwenda naye, nikakaa nyuma ya ukuta wa kanisa na kikapu cha vitambaa vya kichwa. Kila alipotoka nilimpa cha rangi nyingine.

Hakupokea kitu kutoka kwa mtu yeyote. Nalisema hili kwa sababu baadaye mwalimu alidai vingine. Lakini si kweli pia kwamba hakupata faida. Alianza kutoa malipizi yake mwenyewe. Padri alikohoa na kutoa Salamu Maria tano kwa kila mtu, awe ameiba koleo la kampuni au amesinzia kwenye misa. Mama mkwe aliona hiyo ni kazi ya ovyo. "Salamu Maria nimezisema," alimwambia yule wa koleo. "Wewe nenda ukatengeneze mulango wa mama mujane pale mwisho wa mustari wa nyumba. Na hilo koleo njo utatengenezea." Mlango ukatengenezwa. Wanawake wawili waliokuwa hawasalimiani kwa ajili ya bata walionekana wakitoka sokoni pamoja, nyuso ngumu kama mbao, kwa sababu wote wawili walikuwa na vikamba na wote wawili walipewa amri moja.

Mwanzoni tulicheka. Halafu niliona kwamba wanaume walitupa sigara zao alipopita. Wanawake walimsalimu kwa mikono miwili. Akiingia kwenye kundi la watu wanaosengenya, maneno yalikatika. Alijua nani anakunywa nini na nani analala wapi, hakumwambia mtu hata neno, na kule kutosema kwake kulitutisha zaidi. Mwalimu alikuwa na alama tu kwenye karatasi. Huyu alikuwa na habari yenyewe.

Mimi niliyeishi naye ndiye niliyeumia zaidi. Jaribuni kuishi nyumba moja na mama mkwe ambaye kila Ijumaa anawauliza mmefanya nini. Nikaanza kumpa dhambi za kubuni. Nilisahau sala ya asubuhi, nikasema. Mwezi uliofuata: nilisahau sala ya jioni. Mwezi wa tatu nilisema niliwaza mambo ya dunia wakati wa misa.

Alipiga fundo moja dogo kwenye kikamba changu. "Wewe umekuwa mutakatifu haraka sana," akasema. Halafu akapiga la pili.

"Hilo la pili ni la nini, Mama?"

"La uongo wa sasa hivi."

Mtu aliyeleta mwisho wa mambo haya alikuwa fundi wa boila, mwanamume mkubwa, mpole kazini, mwenye tabia ya kumpiga mke wake siku anazokunywa lotoko, ile pombe kali ya mahindi. Alikuja Ijumaa moja, akainama, akasema lake kama alivyozoea. Mama mkwe aliweka mkeka chini.

"Hii sitaibeba."

"Lakini mwezi uliopita uliibeba, mama."

"Mwezi uliopita niliibeba, na mwezi wa nyuma. Inarudi na uzito ule ule. Mimi ni mutu muzee, mugongo unauma. Uipeleke wewe."

"Jumamosi niko kazini. Watasoma jina langu."

"Watasoma."

Akasomwa. Alikuja Jumatatu kutetea haki yake, akiwa na hasira, na mimi nilisimama mlangoni na mwiko mkononi bila kujua ningefanya nao nini. Mama mkwe alimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi. Kisha akamwambia kwamba kuna njia moja. Kila siku kabla ya king'ora, mpaka mwezi uishe, aende mtoni akafue nguo za mke wake, mahali wanawake wote wanapofulia.

Nani angeamini kwamba atakwenda? Alikwenda. Alifika na beseni kichwani, akawaambia wanawake kwamba mke wake anaumwa mkono, na wanawake wakasema pole, ndiyo, tunajua jinsi alivyoumia mkono. Alifua vibaya sana. Siku ya tatu mwanamke mmoja mzee alimfundisha kusuguanisha kitambaa. Sijui kama alibadilika ndani ya moyo, mimi si padri, lakini mke wake aliniambia kwamba mwezi ule hakumgusa, na kwamba nguo zake zilikuwa zimechanika kila upande kwa kufuliwa na mikono ya boila.

Basi mama mkwe akakubali kubeba. Na kwa kuwa dhambi hii ilikuwa imemsumbua kuliko zote, alitaka kuisema sawasawa, bila kupunguza neno. Kile ambacho hatukujua ni kwamba padri mzee alikuwa ameondolewa wiki ile kwa ugonjwa, na ndani ya kibanda alikaa padri mwingine, kijana, mwenye masikio mawili mazima na Kiswahili alichojifunza kwenye kitabu.

Alisema zake mwenyewe kwanza, salama. Za jirani, salama. Alipoingia mara ya saba na kikamba cha fundi wa boila, akapiga magoti, akasema kwa sauti yake ile ya kike, nyembamba, "Padri, nilikunywa, na nilimupiga muke wangu."

Hakuna kikohozi.

"Mama," padri akasema polepole, "je, wewe una mke?"

Baadaye alituambia kwamba alitaka kusema hapana, lakini akakumbuka kwamba ndani ya kibanda hairuhusiwi kusema uongo. "Yuko, Padri," akajibu. "Lakini si wangu mimi."

Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na kitambaa cha manjano tayari mkononi, nikaona hatoki. Nikachungulia mlangoni. Padri alikuwa ametoka kibandani, mtu mwembamba mwenye ndevu changa, na mama mkwe amesimama mbele yake na vikamba vyake. Mwalimu alikuwa anakuja kutoka upande wa altare, si kwa kukimbia, lakini viatu vyake vyeupe vilikuwa vinagonga sakafu haraka kuliko kawaida.

"Hivi ni vya nani?" mwalimu akauliza, akinyoosha kidole kwenye vikamba.

Mama mkwe alishika kikamba cha kwanza, akaanza kufungua mafundo. Alifanya bila haraka, kwa kucha, fundo moja baada ya lingine, na watu wote wa mstari wakitazama, wengine wao wakiwa na sababu nzuri za kutazama.

"Unafanya nini?"

"Hii ni kamba ya mukeka, mwalimu. Ninairudisha kwenye kazi yake."

"Nimekuuliza ni dhambi za nani."

Alifungua fundo lingine. Mwalimu akamgeukia padri, kama mtu anayeomba msaada kwa mkubwa. Padri alikuwa anaangalia vidole vya yule mzee. Akasema, "Hilo huwezi kumwuliza, mwalimu. Hata mimi siwezi." Na akarudi kibandani, akakaa, akavuta pazia. Wakati ule nilifikiri amekasirika. Sasa nafikiri alikwenda kucheka.

Mwalimu alisimama pale mpaka kikamba cha mwisho kikawa kimenyooka. Miaka mingi baadaye, tukiwa wazee, mke wake mwenyewe aliniambia kwamba kikamba cha tano kilikuwa chake. Kilikuwa na fundo la kitanzi.

Jumapili jina la mama mkwe lilisomwa, si pamoja na ya wengine bali peke yake, na sababu ikatajwa: kuchezea sakramenti. Miezi mitatu bila komunyo, na akae nyuma kabisa karibu na mlango, kwenye ubao wa kukalia wa walioadhibiwa. Mwalimu alituambia pia, tukiwa tunatoka, kwamba suala la barua ya nyumba itabidi lisubiri. Bwana yangu aligeuka rangi. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kiti akamwangalia mama yake.

"Mama, kwa nini?"

"Muke wako alivimba miguu," akajibu, na akaenda kuchambua mchele. Lakini siku ile hakuzungumza na mtu yeyote juu ya mawe yake. Nilisikiliza. Kulikuwa na sauti ya ungo tu.

Hiyo ndiyo iliyoniuma. Kuogopa nilimwogopa, kumficha samaki nilimficha, lakini kumsikia amenyamaza vile sikuweza. Nikatoka, nikaenda kwa jirani wa mlango wa pili. Yeye akaenda kwa dada yake. Sijui nani alimwambia fundi wa boila, ila alikuwa wa kwanza kusema kwamba ataomba ruhusa kazini.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote. Tisa wenye vikamba, na wengine ambao hawakuwa na vikamba lakini walikuwa wamefikiria kuwa navyo, na wengine waliofuata tu kwa sababu mstari mrefu huvuta watu. Mstari ulitoka mlangoni, ukazunguka kanisa, ukafika barabarani. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane na nilibeba kigoda, nikisogea nacho hatua kwa hatua. Hatukuwa tumekubaliana tuseme nini. Ilitokea tu kwamba kila aliyeingia alisema dhambi moja: nilimtuma mama mmoja mzee.

Zamu yangu ilipofika na nikaishusha miguu yangu pale chini, padri alisema kabla sijafungua mdomo, "Na wewe ulimtuma."

"Mimi ndiye wa kwanza, Padri."

"Kwa nini?"

"Miguu ilivimba. Na tiketi ilihitajika."

Kupitia kidirisha niliona jasho likishuka kwenye shavu lake. "Je, ungekuja kuungama kama tiketi isingekuwako?"

Nilifikiri. Nilitaka kumpa jibu zuri. "Sijui, Padri," nikasema. "Sijawahi kujaribu."

Alinipa Salamu Maria moja, si tano.

Kengele ya jioni ililia na nusu ya watu walikuwa bado nje. Padri alitoka kibandani, shati limemganda mgongoni. Alibeba lile kasha la tiketi, akaliweka kwenye kiti cha mbele, akatuambia kwamba Mungu amesikia, twende nyumbani, na kila mtu achukue yake mwenyewe. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni na daftari kifuani. Tulipita mbele ya kasha mmoja mmoja kwa adabu, tumeinamisha vichwa. Wengine walichukua mbili, kwa ajili ya mwezi unaokuja. Jirani yangu alichukua nne, akisema ana ndugu Punia.

Tiketi hazikufutwa siku ile. Mambo kama hayo hayafutwi, huchakaa. Mwezi uliofuata ziliendelea, ila mwalimu alianza kuzipokea bila kukutazama usoni, na majina yasiyo na alama akayasoma haraka haraka, kisha wiki nyingine akasahau kuyasoma. Adhabu ya mama mkwe haikupunguzwa hata siku moja. Alikaa kwenye ubao wake karibu na mlango miezi yote mitatu, akaimba kwa nguvu kuliko kwaya, na mwalimu alipomwomba apunguze sauti alisema kwamba kutoka huku nyuma ni mbali, anaogopa asisikike.

Nyumba ya matofali tuliipata kiangazi kilichofuata. Barua haikuwahi kuandikwa. Mzungu mkubwa wa karakana alikuwa na injini moja ambayo bwana yangu peke yake aliielewa, na siku moja alimuuliza anaishi wapi, akasikia ni kwenye nyumba za udongo kule chini karibu na maji, akaogopa malaria isije ikamchukulia fundi. Akaandika namba ya nyumba kwenye kipande cha karatasi. Ndivyo ilivyokuwa. Bwana yangu alikaa sakafuni kwenye saruji siku ya kwanza, akahesabu kwa vidole Jumamosi zote tulizosimama juani, akaacha kabla hajamaliza. Mama mkwe alisema kuta za matofali zina joto.

Mwanangu wa kwanza, msichana, alizaliwa wiki mbili baada ya ule mstari mrefu. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeandika jina lake la ubatizo, kwa mwandiko mzuri sana, na akanipongeza. Sikumchukia. Nilimtazama akikausha wino kwa kupuliza, nikawaza kwamba labda alianza naye kama mama mkwe, kwa kutaka kusaidia watu wakumbuke.

Kuhusu mama mkwe, miezi mitatu ilipokwisha watu walirudi Ijumaa, kwa mazoea tu, wakainama karibu na mkeka wake. Aliwafukuza kwa upole. Nilimwuliza kwa nini, kwa kuwa tiketi siku hizo hazikuwa tena na nguvu, na watu walitaka tu kusema yaliyo moyoni.

"Nimechoka na dhambi zenu," akasema. "Zote zinafanana. Na miezi ile yote nilibeba za wengine mupaka nikasahau kusema zangu. Nilikuwa nazitaja mbio mbio, nipate nafasi ya kuingia tena. Halafu watu wakanisalimu kwa mikono miwili, na mimi nikapenda." Alivuta kamba akaikaza. "Hiyo sikumwambia mutu."

"Umeniambia mimi, Mama."

"Wewe ni mukwe wangu. Hauhesabiwi."

Alianza kwenda kanisani siku za kazi, asubuhi, baada ya misa kwisha na watu kuondoka. Hakwenda kwenye kibanda. Alikaa kwenye ubao wowote, akavua viatu, akasema mambo yake kwa sauti ya chini. Siku nyingine nilimsindikiza na mtoto mgongoni, nikakaa mbali kidogo ili nisisikie. Mimi sikuwahi kuwa hodari wa sala. Nilitazama nyigu waliokuwa wanajenga kiota cha udongo juu ya dirisha, wanakwenda, wanarudi, na mtoto alipoamka nilimnyonyesha palepale, na hakuna aliyekuja kutuuliza tumefika saa ngapi.